Afande Aliyepika Mafuta

Kiganjo, ukiita "Afande" barabarani, watu kadhaa watageuka, kwa sababu ya chuo cha polisi kilichoko pale. Lakini siku zile ukisema Afande wa mafuta, ulielekezwa bila swali la pili: pita maduka, shuka na barabara ya udongo, tafuta ua wa kayaba uliokatwa sawasawa kama meza. Nyumba iliyokuwa ndani ya ua huo ilikuwa yake. Iliyoifuata, ya mabati ya kijani, ilikuwa yetu, mimi na mama yangu. Mimi nilishona yunifomu za shule sebuleni, na papo hapo nikamtunza mama, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlemaza upande mmoja.

Nilimjua miaka mingi na mpaka leo sijui alizaliwa wapi hasa. Alitoka ng'ambo ya pili ya mlima, upande wa Meru. Kikuyu alikisikia vizuri lakini hakukisema. Alisema Kiswahili na kila mtu, hata na mke wake. Wanawake wote aliwaita Madam. Mama yangu peke yake ndiye hakumwita Madam; yeye alimwita Shosho, yaani nyanya. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amefundisha gwaride, na hata baada ya kustaafu sauti yake ilibaki ya mtu anayeongea na uwanja mzima. Akisalimia asubuhi, kuku walihama.

Kwa hiyo ilikuwa ajabu kumwona akiinamia sufuria na kunong'ona. "Pole pole," alikuwa akiambia mafuta. "Pole pole. Hakuna mtu anatufukuza."

Mafuta yenyewe hayakuwa na siri kubwa. Nta ya nyuki aliitoa kwa mfugaji mmoja wa Naro Moru. Mafuta ya makadamia na ya parachichi aliletewa na watu waliokuwa na mashine ya kukamua. Nyakati nyingine aliongeza ya mbarika kidogo, yale ambayo nyanya zetu walijipaka. Aliyeyusha nta katika sufuria ndogo iliyokalishwa ndani ya kubwa yenye maji moto, akamimina mafuta kidogo kidogo, akaepua, kisha akakoroga mpaka yakawa mazito kama uji wa mgonjwa. Yakishafika hapo aliyajaza katika vichupa vya glasi alivyokwisha kuvichemsha na kuvianika. Vijiko vyake vilipangwa juu ya taulo kwa urefu. Mikono aliiosha hadi kwenye viwiko, na mtu yeyote aliyemkaribia akipika aliambiwa jambo lile lile kabla ya salamu: "Maji ni adui. Kausha mikono kwanza, halafu uniambie habari."

Sijawahi kumwona akipika bila shati lililopigwa pasi.

Lakini hakuwa yeye aliyeanza. Aliyeanza ni mkewe, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi, ambaye alipika mafuta hayo muda wote niliowajua. Alikuwa akimimina huku akiongea nami kupitia kwenye ua, na mkono wake ulijua wenyewe pa kukomea. Mafuta yake yalikuwa laini na yalikuwa na harufu ya majani fulani ambayo sikuwahi kumuuliza ni yapi. Wateja wake walikuwa wanawake wa sokoni, walimu, na akina mama wenye watoto wa ngozi kavu. Kwetu baridi ya mwezi wa saba hupasua miguu ya watu kama matope ya kiangazi, kwa hiyo hakukosa kazi.

Akafa mwezi huo huo wa saba. Ilikuwa kifua. Alilazwa Nyeri kwa muda mfupi, tukaambiwa anapata nafuu, kisha tukaambiwa mengine. Baada ya mazishi jamaa walirudi makwao, viti vya kukodi vikachukuliwa, na binti yao, anayefanya kazi katika hoteli moja Nanyuki, akarudi kazini. Nilimwona Afande akifagia uwanja ambao haukuwa na hata jani moja.

Siku moja nilikuwa nikianika nguo nikamsikia mwanamke akibisha kwenye lango lake. Alikuwa mama mmoja wa Mukurweini ambaye huleta ndizi katika soko letu. Alikuwa ameshika kichupa kitupu.

"Hodi. Mafuta iko?"

Afande alitoka akasimama mlangoni. Aliangalia kile kichupa kwa muda.

"Iko," akasema.

"Basi niwekee."

"Rudi Alhamisi."

Yule mama akaenda zake. Mafuta hayakuwapo. Mkewe alikuwa amegawa yote kabla ya kulazwa. Baadaye Afande alikuja mpaka kwenye ua, akasimama mikono nyuma.

"Madam, wewe ulikuwa unamwona akitengeneza?"

"Nilikuwa namwona."

"Alikuwa anaweka nini kwanza?"

Nikafikiri. "Sijui kama nilikuwa naangalia, Afande. Tulikuwa tunaongea."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa ripoti aliyoitarajia. "Hata mimi," akasema. "Nilikuwa hapa miaka yote, na sikuwa naangalia."

Mafuta ya kwanza aliyopika yalikuwa magumu kama mshumaa. Yaliyofuata yalitiririka kama mafuta ya kukaangia. Alhamisi yule mama wa ndizi alirudi, Afande akampa kitu kilichokuwa katikati ya hayo mawili, na yule mama akakipokea, akakitia ndani ya kikapu na kwenda bila neno. Kutoka siku hiyo hakuacha kupika.

Alipikia nje, nyuma ya nyumba, juu ya jiko la makaa chini ya mabati mawili yaliyoegemezwa ukutani. Huko ndiko mkewe alikopikia pia. Mwezi wa saba, manyunyu yakianguka na ukungu ukiwa umefunika mlima mzima, alikuwa akikoroga kwa mkono mmoja na mwingine umeshika mwavuli juu ya sufuria, kwa sababu maji ni adui. Nyumba yake ilikuwa na jiko zuri la ndani, kavu, lisilotumiwa na mtu. Siku moja nikamwambia, "Afande, si upikie ndani? Hakuna mtu utamsumbua."

Aliendelea kukoroga.

"Mimi ndio nilimwambia apikie nje," akasema. "Nilisema chakula yangu inanuka nta."

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Nilimsikia akipiga chafya kule nje mpaka alipomaliza.

Wateja, ambao mkewe walimwita mama tu, walimfundisha bila kujua kwamba wanafundisha. Mmoja alisema, "Ya mama ilikuwa inaingia kwa ngozi haraka." Mwingine akasema, "Ya mama haikuwa inang'aa hivi kwa uso, watu wanafikiria ni jasho." Aliwasikiliza wima, mikono nyuma, kisha akabadilisha kitu. Harufu ndiyo iliyomshinda. Alikuwa amepoteza uwezo wa kunusa alipostaafu, baada ya ugonjwa fulani, na akiniletea majani ninuse alikuwa akiangalia uso wangu ili asome jibu. Mchaichai, rozimeri, majani ya mlimau. Nilijua siyo yale ya mkewe. Yaliyo ndiyo sikuyajua.

Lakini hakimu wake mkubwa alikuwa mama yangu.

Mke wa Afande alikuwa na desturi ya kuja kutusalimia na kumpaka mama mgongo, maana mtu anayelala muda mrefu ngozi yake huchubuka. Alipokufa nikafanya kazi hiyo mimi. Afande naye, kila alipomaliza kupika, alileta kichupa kimoja mpaka kwenye mlango wa chumba cha mama na kusimama hapo. Hakuvuka kizingiti.

"Ruhusa kuingia, Shosho?"

Mama aliinua kidole kimoja cha mkono uliokuwa mzima. Afande akaingia, akamwekea mafuta kidogo kwenye vidole. Mama akayasugua kwa dole gumba, taratibu, macho yakiangalia dari. Kiharusi kilikuwa kimemwachia maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tangu mwanzo, lakini neno alilohitaji alikuwa nalo.

"Siyo," akasema.

"Sawa, Shosho."

Akageuka kwa kisigino na kutoka. Baadaye akarudi na mengine, na mama akasema siyo. Niliona huruma mwanzoni. Nikamwambia mama, "Si useme tu ni mazuri. Mzee wa watu anahangaika." Mama alinigeuzia macho na kuvuta pumzi kama mtu anayeinua gunia. "Siyo... yake," akasema. Nikaelewa anamsema mke wa Afande, nikamwacha. Nadhani pia ilikuwa kazi pekee aliyobaki nayo, na aliifanya vizuri.

Siwezi kusema Afande alikuwa mtu mpole. Alimfukuza muuza maziwa kwa kuchelewa, na kanisani alikuwa mzee wa kanisa asiyeimba. Alisimama na kitabu cha nyimbo kikiwa kimefungwa. Wala hakusifu bidhaa yake. Mtu akimuuliza kama mafuta hayo yanaondoa chunusi, alijibu, "Sijui. Inapakwa tu." Labda ndiyo sababu walimwamini. Na yeye mwenyewe hakuyatumia. Aliupaka mwili wake jeli ya dukani, ile ya kopo la plastiki, na kopo lilikaa wazi dirishani ambapo kila mteja aliliona. Nilipomtania juu yake alisema tu kwamba amezoea.

Kuna msichana mmoja alikuja kutoka Nanyuki, amevaa vizuri, uso wake mweupe na shingo yake ya rangi nyingine. Mashavuni ngozi ilikuwa nyembamba, nyekundu, kama ya mtu aliyemwagikiwa chai. Alikuwa ameelekezwa na binti wa Afande.

"Buda, hii inafanya mtu akuwe mweupe?"

"Hapana."

"Si basi uniwekee kitu kidogo ya kung'arisha? Wengine huwa wanaweka."

"Hapana."

"Sasa inasaidia na nini?"

"Utabaki vile uko," Afande akamwambia, "lakini hutapasuka."

Yule msichana alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasimama pale kwa muda akijigusa shavu. Kisha akauliza kama itamwasha. Afande akampaka kidogo nyuma ya sikio, kwa ncha ya kidole, akamwambia akae kwenye kigoda angoje, na yeye akaendelea kuosha vyombo mgongo ukiwa umemgeukia. Msichana aliondoka na vichupa viwili. Alirudi mara nyingi. Wakati mwingine hakununua kitu, alikaa tu kwenye kile kigoda akiangalia sufuria.

Kisha kulikuwa na yale yaliyoharibika. Tone la maji liliingia mahali, au kichupa hakikukauka, na mteja mmoja akarudisha mafuta yaliyoota ukungu wa kijani. Afande aliyaangalia kama anayeangalia askari aliyezirai kwenye gwaride. Siku hiyo hiyo akaanza kuzunguka Kiganjo nzima akikusanya vichupa vyote vya upishi ule, nyumba kwa nyumba, akiomba msamaha kwa sauti ile ile ya uwanjani. Vilibaki vya yule mama wa ndizi. Nilikuwa na yunifomu za kupeleka Mukurweini, basi tukaenda pamoja, na kutoka mjini tukachukua bodaboda mbili mpaka kwa huyo mama, ndani kabisa, kati ya migomba na kahawa.

Tulimkuta akikama ng'ombe. Alitukaribisha, akatuwekea viti nje, akaleta chai. Afande hakukaa.

"Ile mafuta nilikupea imeharibika. Nimekuja kuichukua."

"Yangu haijaharibika."

"Lazima niichukue."

Yule mama akaingia ndani, akaleta kichupa. Kilikuwa karibu kiishe, na kilichobaki kilikuwa safi. Afande akakigeuza huku na huku kwenye mwanga. Nilidhani atakirudisha. Badala yake akakishika kwa mikono miwili na kusema, akiangalia kifuniko:

"Kuna kitu nilikuwa nikuambie. Mwenye kutengeneza, yule wa kwanza. Alikufa."

"Najua," yule mama akasema.

Afande akainua macho.

"Niliambiwa sokoni," yule mama akaendelea. "Siku ile ile nilikuja kwako. Nilipotoka kwako nikaambiwa."

"Na ulirudi Alhamisi?"

"Si ulisema Alhamisi."

Ng'ombe alikuwa akitafuna. Baada ya hapo Afande alikaa kwenye kiti, akanywa chai yake yote, na alipoongezewa akanywa tena.

Mama yangu alikufa alasiri, mimi nikiwa kwenye cherehani. Nilikuwa nikishona kola. Nilipomaliza nikaenda kumgeuza, maana saa zake za kugeuzwa zilikuwa zimefika, nikakuta ameshakwenda. Nilirudi nikazima redio. Kisha nikaenda kwenye ua na kumwita Afande.

Alikuja, akasimama kwenye kizingiti. Safari hii hakukuwa na mtu wa kumpa ruhusa, na sikujua kama natakiwa kuitoa mimi. Alikaa hapo muda mrefu.

"Shosho alikataa mpaka mwisho," akasema.

Ilikuwa sauti ya heshima. Karibu nicheke.

Mochari walituambia tulete nguo na mafuta. Nilibeba kichupa cha Afande kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Nilimpaka mama mwenyewe, mhudumu akiwa amemshikilia. Mafuta yale ya nta yanahitaji joto la mwili ili yalainike. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo. Kwenye mkono wake yalikaa tu, meupe, kama siagi kwenye sahani. Nikajaribu tena, yakakaa. Ikabidi niyasugue kwanza katika viganja vyangu mpaka yayeyuke, halafu nimpake upesi kabla hayajaganda. Nilifanya hivyo mikono yote miwili, miguu, uso. Mhudumu aliningoja. Nakumbuka nikiwaza kwamba nikifika nyumbani nitoe vifungo kwenye shati la mteja, nilikuwa nimevikosea.

Baada ya mazishi Afande aliniuliza, "Shosho alipakwa?"

"Alipakwa."

"Ikashika?"

"Ikashika."

Akaridhika. Sikulia mazishini, wala baada yake. Akina mama wa kanisa waliniangalia, wakasemezana kwamba nina nguvu. Haikuwa nguvu. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unajua ni wako lakini ukiugusa ni kama unagusa wa mtu mwingine. Niliendelea kushona. Chumba cha mama niliweka vitambaa.

Afande naye alianza kusahau moto. Aliacha sufuria juu ya jiko mpaka maji yakakauka na vichupa vikapasuka. Mara nyingine alikoroga huku jiko halijawashwa, "pole pole, pole pole", na nta ikiwa bado donge. Nilimwashia, akanishukuru bila kuuliza. Binti yake alipoelezwa alikuja na pikapu kutoka Nanyuki. Nilitegemea Afande abishe. Alisikiliza, akasema "Sawa", akaenda kukunja blanketi zake. Kabla ya kupanda gari aliukata ua wa kayaba, wote, mpaka upande wangu.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nimekwenda Nanyuki kutafuta kitambaa cha sweta, mwaka jana, nikampigia binti yake akanielekeza. Wanakaa ghorofani, juu ya maduka. Askari wa kigeni wanaofanya mazoezi huko walikuwa wakipita barabarani chini wakinunua vinyago, na mlima ulikuwa wazi kabisa, na theluji yake kidogo.

Afande alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Shati lilikuwa limepigwa pasi. Alinitambua mara moja.

"Madam," akasema. "Keti."

Binti yake alituwekea chai akatuacha, alikuwa anakwenda zamu. Nikamuuliza Afande kama anapika.

"Hapa hakuna nje," akasema.

Tukaongea habari za Kiganjo. Nilimwambia nani amejenga, nani amehama. Yule mama wa Mukurweini bado analeta ndizi na humuulizia. Aliitikia kwa kichwa kila jina, lakini niliona hakuwa anasikiliza majina. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Wewe umelia Shosho?"

Sikuwa nimeulizwa hivyo na mtu yeyote. "Bado," nikasema.

"Muda umepita."

"Umepita."

"Mimi nililia mwezi uliopita," akasema. "Mke wangu. Miaka yote hii, halafu mwezi uliopita. Msichana wangu alikuwa amenipeleka supamaketi. Alienda kuchukua unga, akaniambia nichague sabuni. Nilikuwa nachagua sabuni."

Nikangoja.

"Ni hivyo tu. Hakuna kitu ilitokea. Nililia mpaka mlinzi akaja." Alijifuta midomo kwa leso, akaikunja. "Nakuambia ndio usishtuke. Ikikupata, simama. Usikimbie, usijifiche kwa choo. Simama hapo ulipo mpaka iishe."

"Sawa, Afande."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi kunywa chai, utakosa gari."

Nilikunywa. Nilipofika chini niliangalia juu, lakini dirisha lilikuwa linaakisi mwanga na sikumwona. Steji ya gari za Nyeri haikuwa mbali. Nilipita mbele ya supamaketi moja kubwa, nikasimama, kisha nikaingia. Nikatafuta mahali pa sabuni. Zilikuwa nyingi, rafu nzima, za kuogea upande mmoja na za kufulia upande mwingine. Nilichukua moja nikainusa kupitia kwenye karatasi, nikairudisha. Nikachukua nyingine. Watu walikuwa wakinipita na vikapu vyao. Niliendelea kusimama pale.

Kijana mwenye fulana ya duka akanijia. "Madam, nikusaidie?"

"Hapana," nikamwambia. "Naangalia tu."

Akaniacha. Nilingoja kidogo tena, lakini machozi hayakuja. Halafu nikachukua ile iliyokuwa karibu na mkono wangu, nikailipia, nikaenda steji.